Filamu na sahani zetu

Umeuliza kama filamu za hali halisi kuhusu chakula cha viwandani hubadilisha kweli ulaji wa watu. Hubadilisha, ingawa mara nyingi kwa muda mfupi. Mwaka 2004 ilitoka filamu ambamo mtengenezaji filamu Mmarekani Morgan Spurlock alikula vyakula vya McDonald's, kampuni ya mikahawa ya vyakula vya haraka, pekee kwa siku 30, akaongezeka takriban kilo 11. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilianza kuondoa kipimo chake kikubwa zaidi cha chipsi na soda nchini Marekani, japo ilikana kwamba filamu ndiyo sababu. Mimi mwenyewe, baada ya kuona vifaranga wakimwagwa kwenye mkanda wa kiwanda kama punje za mahindi, nilinunua kuku wa kienyeji tu hadi bei iliponishinda, lakini mpaka leo sinunui soseji kabla ya kusoma maandishi ya pakiti.