Barua kwa mwanangu: mtawala anayejizuia

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana.

Swali lako nimekaa nalo tangu juzi. Umesema umesoma kwamba Laozi, mwalimu mkuu wa Watao, yaani wafuasi wa Tao au "Njia", wa Uchina ya kale, anamsifu mtawala ambaye raia wanajua tu kuwa yupo, ukaniuliza: "Baba, huyo si mzembe tu? Nchi itaendeshwaje na mtu asiyefanya kitu?" Tena ukashangaa imekuwaje Confucius, mwalimu mwingine wa nchi hiyo hiyo, akafundisha karibu kinyume chake. Jibu langu ni kwamba mtu huyo si mzembe hata kidogo. Laozi anasema na wafalme wenye uchu usioshiba, na anachowataka ni wajizuie wao kwanza kabla ya kumzuia mtu mwingine yeyote.

Isome tena sura ya 17 ya kitabu chake, Tao Te Ching, taratibu. Watawala wamepangwa ngazi kwa ngazi. Wa juu kabisa ni huyo anayejulikana tu kwamba yupo. Anafuata anayependwa na kusifiwa, kisha anayeogopwa, na mkiani yuko anayedharauliwa. Angalia kawekwa wapi huyo wa kupendwa: nafasi ya pili! Wengi wetu tungemweka wa kwanza. Kwa Laozi, kazi ikishakamilika, raia waseme wameifanya wenyewe. Sura ya 75 inaonyesha hasira yake ilikotoka: watu wana njaa, asema, kwa sababu wakubwa wao wanakula kodi kupita kiasi. Na sura ya 60, niipendayo kuliko zote, inasema kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Wewe umekaanga dagaa wabichi, unajua. Ukiwapinduapindua kila mara utapakua vipande. Lakini hakuna aliyekuambia uondoke jikoni.

Confucius (551–479 KK) aliona dawa ni tabia njema ya mtawala. Ukiwaongoza watu kwa amri na adhabu, alisema, wataikwepa adhabu bila kuona haya. Ukiwaongoza kwa wema na adabu, wataona haya na kujirekebisha. Mwanafunzi wake alipomuuliza serikali iache kipi ikibanwa, kati ya chakula, silaha na imani ya watu, alijibu iache kwanza silaha, kisha chakula, kwa maana bila imani ya watu hakuna nchi inayosimama. Namheshimu sana kwa jibu hilo. Ila mafundisho yake yanamtaka mtawala awe mfano machoni pa wote, na hapo ndipo Laozi anapoingiwa na wasiwasi. Mtu akishaaminishwa kuwa yeye ni mwalimu wa kila raia, hachelewi kuingia katika kila nyumba.

Kuna kundi la tatu hukulitaja, na bila hilo huwezi kuwaelewa hawa wawili. Ni wale walioamini sheria kali peke yake. Shang Yang, waziri wa dola ya Qin, alianza mageuzi yake mwaka 356 KK. Kaya zikapangwa katika makundi ya tano tano na kumi kumi. Mmoja akikosa na wenzake wakanyamaza, adhabu ni ya wote. Qin ikapata nguvu kweli, hilo tusilifiche. Lakini mwaka 338 KK mfalme aliyekuwa akimlinda akafa, Shang Yang akatuhumiwa uasi, akakimbia. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba alifika mpakani akaomba kulala katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba hakumtambua. Akamwambia kuwa kwa sheria ya Bwana Shang, anayempokea mgeni asiye na kitambulisho anaadhibiwa pamoja naye. Hakulala pale. Baadaye aliuawa, na mwili wake ukararuliwa kwa magari ya farasi.

Aliyeifikisha fikra hiyo kileleni ni Han Fei, aliyekufa mwaka 233 KK katika gereza la Qin. Na hapa, mwanangu, ndipo penye ugumu wa swali lako, kwa sababu Han Fei alimsoma Laozi na kuandika sura nzima za kumfafanua. Naye pia anasema mtawala atulie, asionyeshe anachopenda wala anachochukia. Anasimulia habari za mkuu wa dola ya Han aliyelewa akasinzia. Mtunza kofia akaona bwana wake atapigwa na baridi, akamfunika joho. Mkuu alipoamka alifurahi kwanza, kisha akawaadhibu watu wawili: mtunza mavazi kwa kutofanya kazi yake, na mtunza kofia kwa kufanya kazi isiyo yake. Utulivu wa namna hiyo ni wa mwindaji aliyejificha. Mtawala wa Han Fei ananyamaza ili walio chini yake watetemeke, wa Laozi ananyamaza ili wapumue. Kwa hiyo ukiambiwa kiongozi fulani ni mkimya, uliza ukimya wake unambana nani.

Qin iliunganisha Uchina yote mwaka 221 KK. Mwaka 209 KK wanaume 900 waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka walikwamishwa na mvua njiani. Kuchelewa adhabu yake ilikuwa kifo. Chen Sheng, mmoja wa viongozi wao, akapiga hesabu: tukitoroka tutakufa, tukiasi tutakufa, basi tuasi. Kufikia mwaka 206 KK dola ile ilikuwa imekwisha. Liu Bang, aliyeanzisha utawala wa Han (si ile dola ya Han niliyoitaja juu, majina yamefanana tu), alipoingia katika eneo la mji mkuu wa Qin aliwaita wazee akawaambia sheria zitabaki tatu: anayeua atauawa, anayejeruhi ataadhibiwa, anayeiba ataadhibiwa. Baadaye Cao Shen, waziri mkuu wa mwanawe aliyemrithi, alifuata ushauri wa mwalimu wa mkondo wa Kitao na hakugusa sheria alizozikuta. Mfalme kijana alipomlalamikia, alimuuliza kama yeye anamzidi baba yake kwa busara. Mfalme akakiri hapana. Basi, akasema Cao Shen, tuyalinde waliyoyaweka waliotutangulia.

Anayenivutia zaidi ni mfalme Wen wa utawala huo huo wa Han, aliyetawala mwaka 180 hadi 157 KK. Alitaka kujenga ukumbi wa wazi wa kupumzikia, mafundi wakamletea gharama, naye akaona fedha hizo ni sawa na mali ya kaya kumi za hali ya kati. Akaacha. Kodi ya ardhi aliipunguza mpaka sehemu moja ya thelathini ya mavuno. Halafu mwaka 167 KK tabibu mmoja, Chunyu Yi, alihukumiwa kukatwa kiungo. Alikuwa na mabinti watano, akalalamika kwamba hana mtoto wa kiume wa kumsaidia wakati wa shida. Binti mdogo, Tiying, akamfuata hadi mji mkuu, Chang'an, akamwandikia mfalme: aliyeuawa hafufuki, aliyekatwa haungwi tena, hata akitaka kujirekebisha njia imefungwa, nichukueni mimi niwe mtumwa badala ya baba. Mfalme akaisoma barua ile, akafuta adhabu za kukata viungo nchini.

Sikufichi kwamba kulegeza kamba kulikuwa na gharama yake. Wafalme wadogo wa mikoani walinenepa kwa kuachwa, na mwaka 154 KK saba kati yao wakaasi. Mfalme Wu, aliyeanza kutawala mwaka 141 KK, akarudisha mkono wa serikali kila mahali, mpaka chumvi na chuma vikawa biashara ya dola.

Jambo moja tu nimemkatalia Laozi, na nitamkatalia mpaka mwisho. Katika sura ya 3 na ya 65 anasema watu wasijazwe maarifa, kwamba ugumu wa kuwatawala unatokana na kujua kwao mengi. Mimi nimeshika chaki maisha yangu yote, siwezi kulikubali. Tiying angekuwa hajui kuandika, mfalme Wen angejuaje kwamba mkono wake unaumiza mahali pale? Mtawala akiamua kutulia, anahitaji raia wenye kauli kuliko hata yule anayehangaika kila siku.

Ukimaliza Laozi, mtafute Zhuangzi, mwalimu mwingine wa Kitao. Inasimuliwa kwamba mfalme wa dola ya Chu alimtumia wajumbe wampe uongozi wa nchi, wakamkuta anavua samaki, naye akawafukuza. Mimi naona alikosea, kwa sababu kiti alichokikataa hakikubaki wazi. Mama yako anabisha, anasema mtu huyo aliijua nafsi yake. Soma halafu utuandikie wewe uko upande gani.

Ni mimi baba yako.