Kabla Hujairudisha Bunduki

Shemeji yangu anaishi Edmonton, jimbo la Alberta, na tangu mwaka 2020 ana bunduki asiyoruhusiwa kuifyatua wala kuiuza. Ni Ruger Mini-14, bunduki ndefu ya nusu-otomatiki. Aliinunua dukani kwa leseni yake, akawa anaitumia kwenye shamba la rafiki yake kufukuza mbweha wa kule waliokuwa wakimaliza kondoo. Tarehe 1 Mei 2020, siku chache baada ya mtu mmoja kuua watu 22 katika jimbo la Nova Scotia, serikali ya Kanada ilipiga marufuku zaidi ya aina 1,500 za bunduki, na Mini-14 ikiwemo. Wenyewe waliambiwa watalipwa. Shemeji hupiga simu kunilalamikia mimi kwa sababu katika ukoo wote ni mimi tu niliyewahi kurudisha bunduki serikalini.

Mimi niko Nakuru, na shamba letu liko upande wa Solai. Niliyorudisha ni bunduki ya marisau ya marehemu baba, ya mitutu miwili, iliyonunuliwa kwa ajili ya nyani wa mahindi na wezi wa ng'ombe. Sikulipwa hata shilingi, maana kwetu hakuna mpango wa serikali kununua bunduki za raia. Kwa hiyo mara ya kwanza shemeji alipolalamika nilimjibu kwa ukavu: "Wewe angalau unalipwa." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, nitalipwa lini?"

Nilipofuatilia nikaona ana haki ya kuuliza. Msamaha wa kukaa na bunduki hizo ulipangwa uishe Aprili 2022. Ukasogezwa hadi Oktoba 2023, ukasogezwa tena hadi Oktoba 2025, na sasa wanaambiwa 30 Oktoba 2026. Katikati ya kungoja huko, orodha ya marufuku nayo ilirefuka: Desemba 2024 ziliongezwa aina 324, na Machi 2025 aina nyingine 179. Orodha ya bei iliyopendekezwa Julai 2022 iliweka AR-15, moja ya bunduki zilizopigwa marufuku, kwenye dola 1,337 za Kanada, na mtu aliyetumia mara mbili ya hizo kuinunua na kuipamba akabaki anacheka kwa uchungu. Dirisha la raia kujiandikisha lilifunguliwa 19 Januari 2026 hadi 31 Machi, fungu la fidia likiwa dola milioni 248.6 kwa bunduki zipatazo 136,000, na wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Kujiandikisha kwenyewe si hakikisho la kulipwa. Kuachana nayo ni lazima, kulipwa ni bahati.

Serikali ya Alberta nayo ikasema haitashiriki. Hebu fikiria raia wa kawaida hapo: wakubwa wa taifa wanamwambia lete, wakubwa wa jimbo wanamwambia hatumo, na akikutwa nayo baada ya Oktoba, mwenye kesi ni yeye. Jaribio la mpango huo walilofanya Cape Breton, Nova Scotia, mwaka 2025 lililenga bunduki 200. Zililetwa 25.

Mimi, kusema kweli, simlilii mtu aliyenyang'anywa Mini-14. Australia walinunua na kuharibu bunduki karibu 650,000 baada ya mauaji ya Port Arthur ya 1996, na nchi haikuanguka. New Zealand walipoteza watu 51 kwa risasi mjini Christchurch, Machi 2019. Kufikia 20 Desemba mwaka uleule kazi ya kununua bunduki ilikuwa imekwisha, bunduki kama 56,000 zimekusanywa. Bei ilijulikana mapema: asilimia 95 ya bei ya msingi kwa iliyo karibu mpya, 70 kwa iliyotumika, 25 kwa iliyochakaa. Walikuwepo walionuna, lakini kila aliyeingia mlangoni alijua atatoka na ngapi. Ya Kanada inaudhi zaidi kwa kuwa imekaa kama deni la mtu anayebadilisha namba ya simu.

Sasa ushauri, na huu unamfaa wa Edmonton na wa Njoro huku kwetu vilevile.

Anza na namba. Sisemi namba iliyo kwenye cheti, nasema iliyochongwa kwenye chuma. Desemba 2018, waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipoagiza raia wote wenye leseni za silaha wakaguliwe upya katika siku 90, nilipanga foleni na wengine. Afisa aliyenihudumia alipaka kitambaa mafuta, akasugua chini ya mtutu pale palipoingia kutu, akamulika kwa tochi ya simu, akasoma kwa sauti. Kisha akatazama cheti, akasoma tena. Karani fulani wa miaka hiyo ya nyuma, ofisi nisiyoitaja, alikuwa ameandika 8 mahali penye 3. Bunduki ile imekaa nyumbani kwetu tangu nikiwa darasa la kwanza, na kwa ghafla ikawa haina mwenyewe, na mimi nina cheti cha bunduki isiyokuwepo. Hakuna aliyenifokea, lakini hakuna aliyetaka kuandika sahihi yake pia. Safari za Nairobi zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kwa hiyo itoe kabatini leo, hakikisha haina risasi, safisha, soma tarakimu moja moja ukilinganisha na cheti, piga picha zote mbili. Tofauti ikiwepo, irekebishe wakati hakuna tangazo lolote redioni, maana tangazo likishatoka mtakuwa wengi kwenye foleni.

La pili ni la nyumbani, na ndilo linaloumiza watu wengi upande wetu huu wa mashamba ya zamani. Cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Mwenyewe akifariki, anayebaki na bunduki anaishika bila cheti, hata kama ni mjane aliyeolewa nayo ikiwa imeegemea ukutani. Baba alipofariki tulihangaika na mazishi, matanga, wageni, na bunduki ikawa uvunguni mwa kitanda cha mama, imefungwa kwenye blanketi la kijivu. Nilipomwambia lazima iende kituoni alinitazama kama mtoto aliyekosa adabu. "Hiyo ni ya baba yako. Mwenyewe amelala, sasa mimi nimpe nani?" Shangazi aliongezea kwamba polisi wakijua kuna bunduki watakuja kupekua boma zima. Hawakuja kupekua. Nilimpigia simu OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kwanza, nikaenda na cheti cha kifo na mzee wa mtaa, bunduki imefunguliwa kati na risasi ziko kwenye mfuko mwingine, tukapokelewa. Baadaye niliomba cheti kwa jina langu na nikapewa. Mwambieni mke au mume mapema: ikiwa ninafariki, bunduki iende kituo fulani, na karatasi ziko mahali fulani.

Kumpigia OCS kabla ya kutoka nyumbani si heshima tu. Mtu anayeingia kituoni na kitu kirefu ndani ya gunia, bila kutarajiwa, anawapa askari wa zamu sababu nzuri ya kuogopa.

Siku ya kurudisha kabisa, usiondoke kaunta bila namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Hakikisha kilichoandikwa kinataja aina ya bunduki, namba yake, idadi ya risasi, na jina la aliyepokea. Mimi niliandikiwa "bunduki moja", basi. Nikasema, "Afande, niandikie na namba, tafadhali." Akasema haina haja. Nikamwambia sina haraka, nitangoja. Nikakaa kwenye benchi karibu na mama aliyekuja kuripoti simu iliyoibwa soko la Wakulima, mpaka afande akachoka kuniona, akaandika. Karatasi hiyo iko kwenye faili moja na hatimiliki ya shamba.

Kuhusu pesa, usipange karo ya mtoto kwa fidia ambayo haijaingia benki. Hapa kwetu, kama bunduki ina thamani, zungumza kwanza na muuzaji mwenye leseni na ufuate utaratibu wa kuihamisha. Ukishaiacha serikalini umeiacha. Shemeji nilimwambia avue darubini na mkanda aviuze kando, kwa sababu fidia ya kule inahesabu bunduki, haihesabu mapambo. Na usimuuzie mtu asiye na leseni kwa hasira ya kuikomoa serikali. Kwa silaha za aina ya AK47 na G3, sheria yetu ya silaha, Sura 114, inamfunga anayepatikana nazo bila kibali kifungo cha maisha. Siku ikikutwa kwenye wizi, aliyeiba atasema alikoinunua.

Wapo wanaoniuliza kwa nini serikali isinunue bunduki za kaskazini mwa Bonde la Ufa badala ya kutuma wanajeshi. Februari 2023 wenye silaha haramu Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu walipewa siku tatu kuzisalimisha. Muuza mbuzi mmoja kutoka Baringo, tunayefahamiana, anasema tatizo si bei: "Mimi nikirudisha yangu leo na jirani wa ng'ambo ya mto abaki na yake, hizo pesa nitazilia wapi?" Nakubaliana naye. Pesa peke yake ingemleta mtu na gobori bovu asubuhi, na jioni akanunue nzima kwa fedha zilezile. Huko panahitajika kukusanya pande zote mbili kwa siku moja na askari wa kukaa katikati, na hilo silijui mimi wa Solai kulipanga.

Hasira ipelekeni kwa waliotunga mpango: andika kwa mbunge, hudhuria kikao cha maoni ya umma, jiunge na wenzako muende na wakili mmoja. Askari wa kaunta hakupanga bei wala tarehe, na ndiye atakayeandika OB yako.

Shemeji alijiandikisha Februari. Darubini ameshaiuza. Bunduki bado iko kabatini akisubiri barua, na nimemwambia apige picha ya ile namba kabla haijaja.