Kabla Hujafungua Ndoo ya Rangi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, na sisi tuna stesheni ya zamani. Treni ya abiria haisimami tena, mabati yameanza kung'olewa usiku. Tumejikusanya watu kumi na wawili tuiokoe. Rangi tumeshapata. Tuanzie wapi?"

Pale kwenye rangi nilisoma mara mbili, kisha nikaiweka simu chini. Na mimi nilianza na rangi.

Kundi letu lilikuwa watu tisa na ngazi moja ya kuazima. Stesheni yenyewe si kubwa: ukumbi wa abiria, ofisi ya stesheni masta, stoo ya mizigo, na dirisha la tiketi ambalo mpaka leo nikilipita lazima niliguse. Kizingiti chake cha mbao kimelika katikati kama jiwe la kunolea kisu. Hakuna aliyekichonga. Ni viganja na sarafu za watu waliokuwa wakisafiri, miaka nenda miaka rudi. Nilipokiona ndipo nilipojiambia jengo hili halitabomolewa mimi nikiwa hai. Maneno makubwa, najua. Ndivyo nilivyo.

Jumamosi ya kwanza tulifagia kinyesi cha njiwa, ya pili tukakwangua, ya tatu tukaanza kuziba nyufa kwa lipu ya saruji ili ukuta ukae sawa kabla ya rangi. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uashi relini alikuwa na kawaida ya kuja kukaa kwenye benchi la jukwaani. Siku hiyo alitutazama kwa muda, akauliza:

"Hiyo saruji ya wapi?"

"Ya ukuta, mzee wangu."

"Ukuta huu ulijengwa kwa chokaa, vijana."

Nikamjibu kwa adabu zote, lakini nikiwa na jibu tayari mdomoni: "Mzee, saruji ni imara zaidi."

"Ndiyo ubaya wake," akasema. Akanyamaza, akaendelea kutazama reli.

Tulimaliza. Nilipigwa picha juu ya ngazi, brashi mkononi, nikitabasamu kama bwana harusi. Picha ile ilisambaa, watu wakatupongeza, tukapata wajitoleaji wengine ishirini kwa wiki moja. Sikatai, nilivimba kichwa.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Siku moja niliugonga ukuta wa upande wa stoo, ukalia kama debe tupu. Nikaingiza kidole nyuma ya lipu, kipande cha ukubwa wa sinia kikabanduka na kuniangukia miguuni. Hakikuja peke yake. Kilikuja na uso wa matofali. Matofali yaliyosimama tangu kabla babu yangu hajazaliwa yalikuwa yanatoka unga mwekundu mkononi mwangu, na aliyeyaua ni mimi.

Sikuelewa mpaka nilipokwenda kumwangukia yule mzee. Alinieleza bila kunisimanga, jambo ambalo liliniuma zaidi. Tofali la zamani ni laini na linanyonya maji. Chokaa nayo ni laini, ina vitundu, kwa hiyo unyevu ukiingia ukutani hupata njia ya kutokea kwenye viungo na ukuta ukakauka. Ukija na saruji umefunga mlango. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko tofali, kinachomeguka ni tofali. Kiungo cha chokaa kikichoka unakikwangua na kukijaza upya. Tofali likimeguka, umeshalipoteza.

Halafu akaninyooshea kidole juu. Mfereji wa paa, juu kabisa ya ule ukuta, ulikuwa umeziba kwa majani na kiota cha njiwa. Maji ya mvua yalikuwa yakishuka ukutani tangu siku ya kwanza tulipofika. Watu tisa, Jumamosi tatu, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Tulikuwa tunamvalisha mgonjwa suti.

Basi ndugu yangu, nisikilize. Anza na maji. Panda juu, zibua mifereji, rudisha mabati yaliyong'olewa, angalia maji ya mvua yanakwenda wapi yakifika chini. Usiende mchana wa jua. Nenda mvua inaponyesha, simama na mwavuli, tazama. Ukishamaliza maji, rudia maji. Najua hakuna atakayekupiga picha ukitoa kiota cha njiwa kwenye mfereji. Tatizo letu sisi wa kujitolea ni kwamba tunapenda kazi inayoonekana, tunataka shukrani kabla ya jasho halijakauka, na majengo yanakufa mikononi mwetu yakiwa yamepakwa rangi nzuri.

Na hiyo rangi ya zamani usiikwangue kwa msasa mkavu kama tulivyofanya. Rangi nyingi za enzi hizo zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, funika pua na mdomo kwa barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, watoto wakae mbali.

Jambo la pili ni karatasi. Sisi tulipewa ruhusa ya mdomo na afisa mmoja, mtu mwema kabisa. Akahamishwa. Asubuhi moja tulikuta mnyororo getini na mlinzi asiyetujua. Miezi kumi ya barua na vikao iliyofuata nairuka, hata mimi niliyekuwepo nilisinzia. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye ardhi na mwenye reli, maana wanaweza kuwa wawili tofauti. Na kama njia bado inapita treni, hata ya mizigo moja kwa wiki, msikanyage upande wa reli bila mtu wa reli.

Katika vikao hivyo nilikuwa nikiwasimulia habari za Penn Station ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1910, ikaanza kuvunjwa mwaka 1963, na uchungu wake ukachangia jiji kutunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Sheria hiyo ndiyo iliyoiokoa Grand Central, stesheni nyingine kubwa ya jiji hilo hilo, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoikubali sheria hiyo mwaka 1978. Na Talyllyn, kule Wales, ambako watu wa kujitolea walianza kuendesha reli nzima mwaka 1951 na bado inakwenda. Nilizisimulia mara nyingi mpaka vijana wakawa wanatamka tarehe pamoja nami. Kicheko kilikuwepo, lakini barua ilitoka.

Siku ya kufungua ukumbi waliweka jiwe la kumbukumbu. Lina majina saba. Langu halimo. La yule mzee halimo. Lipo la mtu aliyefika mara moja, na viatu vyake havikupata vumbi. Wenzangu huniambia nisahau, nami huwajibu nimesahau. Bado nikipita natazama pembeni. Kwa hiyo andikeni daftari tangu siku ya kwanza: nani alikuja, alifanya nini, saa ngapi. Na pigeni picha za kila kitu kabla ya kukigusa, kila bawaba, kila kufuli. Si kwa ajili ya sifa tu. Mkitaka kurudisha mlango mahali pake mtakumbuka ulifunguka upande gani.

Nimemjibu yule msomaji kwamba ndoo za rangi aziweke stoo mpaka mwakani. Hajanijibu bado, nadhani amekasirika. Mimi Jumamosi nina kazi: upande wa stoo tumeshaubandua saruji nusu yake, kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu ili tofali lisiumie. Chokaa tumeiloweka. Mzee ameahidi kuja, nimemwandalia benchi lake kivulini.