Kadi mbili za mtandao: usizime faiawoli, kila kadi ipewe profaili yake

Ndugu, umesema kompyuta ya duka lako ya Windows ina kebo inayokwenda kwenye swichi ya ofisi na waifai ya mifi (kile kifaa kidogo cha kurusha intaneti ya laini ya simu). Waifai umeiweka kwenye profaili ya Private (ya mtandao unaouamini), kebo imeng'ang'ania Public (ya mtandao wa wageni), na wenzako hawafungui folda mpaka uzime faiawoli, yule mlinzi wa mlango wa kompyuta. Iwashe kwanza, ndipo tuongee. Halafu ujue kwamba umevaa viatu kinyume: kebo ndiyo nyumbani, mifi ndiyo barabara.

Najua kwa sababu yalinikuta hapa Kampala, Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kwenye kichumba cha uchapaji tulichokodi ghorofani. Tulikuwa na kompyuta tatu kwenye swichi ndogo, moja ya kuchapia na moja ya msanifu zikiwemo, hakuna ruta, anwani tumeziandika kwa mkono kuanzia 192.168.5.1 hadi 5.3. Intaneti iliingia kwa mifi kwenye ile ya kuchapia peke yake, ya kupokelea kazi za wateja. Msimu wa kalenda ukafika, faili zikagoma kwenda. Nikazima faiawoli, zikaenda, nikashukuru Mungu. Kumbe nywila ya mifi ile tulikuwa tunawapa wateja wakisubiri kazi zao, na kwenye kushea folda tulishaondoa nywila ili tusisumbuane. Siku moja kijana aliyekaa kwenye benchi akageuza laptopu yake akaniuliza, "Hizi kadi za harusi ni zenu?" Folda nzima anaiona.

Sababu ni hii. Kwenye Windows Vista profaili moja tu ya faiawoli ilikuwa ikifanya kazi kwa wakati mmoja, na ile kali ndiyo iliyoshinda. Tangu Windows 7 kila kadi ina ya kwake. Windows huutambua mtandao hasa kwa getiwei yake, yaani kifaa ambacho ni mlango wa kutokea kwenda mitandao mingine, kwa kawaida ruta. Swichi yako haina ruta, kwa hiyo kebo haina getiwei, kwa hiyo inaandikiwa "Unidentified network" na kutupwa Public kama mgeni asiye na kitambulisho.

Mtu atakushauri uipe kebo getiwei ya uongo. Usithubutu. Mimi niliweka anwani ya kompyuta ya msanifu. Mtandao ukatambulika vizuri kabisa, ila intaneti ikafa. Windows kwa kawaida huipendelea kebo kuliko waifai, basi kila kurasa niliyofungua ilikuwa inatafuta njia ya kutoka kupitia kompyuta ya msanifu, ambayo haina pa kuipeleka.

Kinachofanya kazi: fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri za Windows) kama msimamizi, andika Get-NetConnectionProfile, uone kila kadi na namba yake. Tuseme waifai ni 12:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceIndex 12 -NetworkCategory Public

Kebo unaweza kuigeuza Private kwa amri hiyohiyo, lakini mtandao usiotambulika husahau. Umeme ukikatika, ukirudi unaikuta Public tena, na hapa Kampala hilo halikawii. Ipo njia ya secpol.msc (dirisha la sera za usalama za Windows), kwenye Network List Manager Policies, ya kusema mitandao yote isiyotambulika iwe Private. Toleo la Home halina kitu hicho, na kwenye laptopu inayotembea mimi siipendi, maana inaiamini kila kebo isiyojulikana utakayochomeka popote.

Mimi niliiacha kebo Public nikaifungulia mlango mmoja tu:

New-NetFirewallRule -DisplayName "Folda za kazi" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 445 -InterfaceAlias "Ethernet" -RemoteAddress 192.168.5.0/24 -Action Allow

445 ndiyo poti, yaani namba ya mlango, ya kushea folda, na 192.168.5.0/24 ni anwani zote zinazoanza na 192.168.5; hizo ni za kwetu, wewe weka zako. Hapo anayeingia ni yule tu anayekuja kwa kadi ya kebo na mwenye anwani ya ndani. Wa kwenye benchi anagonga ukuta. Hakikisha jina "Ethernet" ndilo la kadi yako, kwa wengine ni "Ethernet 2". Na mifi isiwe inagawa anwani za 192.168.5 pia, la sivyo utachanganya mitandao yako.

Wenzako hawataiona kompyuta ikijitokeza yenyewe kwenye orodha, kwa sababu Public huificha. Waandike anwani yake moja kwa moja, kwa mfano \\192.168.5.1, watengeneze na shotikati.

Siku ukibadilisha mifi, Windows itaona mtandao mpya na huenda ikauliza kama kompyuta nyingine ziruhusiwe kuiona hii. Jibu hapana, hata kama mteja anakuharakisha.