Kwa mnaoanza kazi na akina mama waliotoka vitani

Wadogo zangu mnaopangiwa makazi ya wakimbizi ya Uganda, yaani Kyangwali, Kyaka II au Nakivale, mama akikwambia amebakwa, uliza lini kabla ya kuuliza nani. Dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Za dharura za kuzuia mimba zina nafasi ya hadi siku 5. Aliyekimbia Ituri, mashariki mwa Kongo, kwa mtumbwi kupitia Ziwa Albert huenda muda umempita, ila aliyevamiwa jana akitafuta kuni bado anawahi. Fomu 3A ya polisi ni ya ushahidi; dawa isiingoje. Na aliyechelewa mpelekeni vilevile, maana kaswende na fistula (tundu la ukeni linalovujisha mkojo au kinyesi) hutibiwa hata baada ya miaka. Wanaume nao hubakwa vitani. Wengi hawatalisema; watakuja wakilalamikia mgongo.

Linalonisumbua zaidi ni mkalimani. Mapigano ya Ituri yameyagonganisha makabila ya Wahema na Walendu, na uhasama huo haukubaki ng'ambo ya ziwa. Mletee mama mkalimani asiyemwamini, atajibu ndiyo na hapana tu, nawe utaandika kwamba hana shida. Muulize mapema, faraghani, ni nani asiyemtaka chumbani. Kiswahili chenu kikielewana, kaeni wawili. Mwanawe asikalishwe hapo kutafsiri, hata awe ndiye pekee nyumbani anayejua Kiingereza.

Halafu kuna fomu yetu wenyewe. Mmefundishwa kuijaza hadi mstari wa mwisho, lakini huyu mama keshasimulia mapokezi, kliniki na polisi, na huenda atasimulia tena kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Uliza lile tu litakalobadilisha msaada unaompa. Huhitaji kujua walikuwa wangapi ili umpeleke hospitali. Akitaka kusimulia mwenyewe, weka kalamu chini umsikilize. Mengine ya fomu yatasubiri, na msimamizi akigomba, mwache agombe.

Mtakaokwenda Gulu au Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mtakuta bunduki zilinyamaza zamani. Wasichana waliotekwa na LRA, waasi wa Joseph Kony, waligawiwa makamanda, wakazaa msituni. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, mmoja wa makamanda hao, kwa makosa 61, yakiwemo ndoa na mimba za kulazimishwa. Kwa hiyo sitaki kuona faili limeandikwa "mke wa zamani wa kamanda". Na msishangae mkijiandaa kwa ushauri nasaha, naye akaleta suala la shamba. Kwa Waacholi, wenyeji wa huko, mtoto hupata ardhi upande wa baba. Mvulana aliyezaliwa msituni, ambaye ukoo wa baba yake haujulikani au umemkataa, anakua bila pa kujenga, na wajomba wanaanza kumwonyesha njia ya kuondoka. Mama wa namna hiyo anahitaji mtu wa kukaa naye mbele ya wazee wa ukoo, pengine na mwanasheria wa msaada, kabla hajahitaji maswali yetu kuhusu ndoto zake.

Madaftari yafungiwe kabatini, namba badala ya majina. Na wageni wenye kamera wakiomba "mama mmoja tu wa kuzungumza naye", waambieni hayupo.