Re: Certosa di Pavia, vijumba vya watawa vinaingilika?

Salaam ndugu. Umeuliza kama ukishuka treni ya Milano utaweza kuingia vijumba vya Wakartusi, watawa wa kuishi kwa upweke, kwenye monasteri ya Certosa di Pavia huko Italia, au utaishia kanisani. Kwanza angalia ratiba: Jumatatu kwa kawaida hufungwa, na siku nyingine mchana lango hufungwa kwa muda. Mimi nilifika saa sita na nusu, nikala mkate wangu nje ya lango!

Vijumba viko nyuma, kwenye ua mkubwa wenye matao ya udongo wa kuchoma. Nilipokwenda kimoja kilikuwa wazi. Kina ghorofa, bustani yake, na kando ya mlango kitundu cha kupitishia chakula, mtawa asitoke.

Monasteri ilianza kujengwa 1396. Kabla hujaingia kanisani tazama marumaru za mbele. Juu hazijamaliziwa mpaka leo.