Majaji wanne wanafutaje ushindi wa Rais?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, aliyemzidi Raila Odinga kwa kura zaidi ya milioni 1.4. Kura zenyewe haikuzihesabu upya. Majaji wanne wanafutaje uamuzi wa mamilioni?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Tarehe 8 Agosti mwaka ule nilisimamia kituo kimoja cha kura huku Kilifi, darasani. Tulihesabu hadi usiku mkubwa. Kila karatasi niliinua juu mawakala wa vyama waione. Nikajaza fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, wakatia sahihi, nakala nikaibandika mlangoni, kisha nikaipiga picha kwa mtambo wa tume ya uchaguzi iende Nairobi.

Pale mlangoni hesabu ilikuwa na mashahidi. Kesi mahakamani ilihusu safari ya matokeo kutoka pale hadi Nairobi. Sheria ilitaka namba zifike pamoja na picha ya fomu, lakini tarehe 11 tume ilimtangaza mshindi kabla ya kupokea fomu 34A zote za vituo 40,883. Majaji walipoagiza seva, yaani kompyuta za tume zilizopokea matokeo, zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Sasa wangeamini nini?

Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, wakaufuta ushindi huo. Hawakumpa Raila urais. Waliwarudishia kura hao hao mamilioni unaowatetea, wapige tena ndani ya siku 60. Mimi nilitokwa na machozi, maana ile fomu niliyoikeshea ilikuwa imepewa uzito wake.

Raila aliususia uchaguzi wa marudio wa 26 Oktoba. Kilichoniuma zaidi ni Bunge. Marudio yakiwa mlangoni, wabunge walipitisha mabadiliko ya kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ili kosa la utaratibu pekee lisitoshe kufuta matokeo. Sheria haibadilishwi watu wakiwa njiani kwenda kupiga kura! Mahakama Kuu iliyatangua mabadiliko hayo Aprili 2018.

Kwenu Tanzania, Rais akishatangazwa na Tume, ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, iliyo hapo Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kuirekebisha ni kazi ya Bunge la Dodoma. Mbunge wako akija Muheza, muulize yeye.